Aliyesema Baruti

Fundi hakuipenda methali ya ufa. Mtu akiitamka mbele yake, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, alitema mate pembeni na kusema aliyetunga maneno hayo hakuwahi kushika mwiko wa uashi maishani mwake.

"Ufa hapana ziba," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokota. "Uliza yeye kwanza. Wewe natoka wapi? Nakwenda wapi?"

Kisha alichomoa penseli nyuma ya sikio, ile fupi iliyo bapa, akachora mstari mdogo pale ufa ulipoishia na kuandika tarehe kando yake. Mwezi ukipita alirudi. Akikuta ufa umeuvuka mstari, alichora mwingine bila kuketi, na mwenye nyumba alijua habari si njema. Akikuta haujauvuka, aliomba chai.

Nimeanza na nyufa kwa sababu watu wa kwetu Osukuru wakimtaja siku hizi wanamtaja kwa jambo moja tu, na jambo hilo si kweli. Najua si kweli. Nilikuwepo. Nitalifikia, lakini kwanza nataka mumwone mtu mwenyewe, maana aliyejenga nusu ya nyumba za kijiji hastahili kukumbukwa kwa neno moja ambalo hakulisema.

Jina lake nililisoma mara moja kwenye daftari la kanisa nikadhani ni la mtu mwingine. Mafundi tulikuwa nao wengi, wa cherehani, wa baiskeli, wa redio, lakini ukisema Fundi tu, bila kuongeza kitu, ulikuwa unamsema yeye. Alitoka upande wa Lumino, karibu na ziwa, akiwa na mwiko wake, na kwangu hayo yanatosha. Nilipopata akili nilimkuta yuko kwetu tayari, juu ya jukwaa la miti, akimfokea mtu aliyekuwa akichanganya udongo.

Kufoka ndiyo ilikuwa salamu yake. Asiyemjua alidhani pana ugomvi. Aliyemjua alisubiri, kwa sababu baada ya kufoka alishuka, akamnyang'anya yule mtu koleo, akachanganya mwenyewe mpaka udongo ukawa laini, kisha akamrudishia koleo lake kwa upole na kumwuliza hali ya watoto. Sikumwona hata siku moja akimwachia mtu kazi mbaya aibebe peke yake. Nilipokuwa msichana nililiona jambo hilo la kawaida tu.

Mfukoni alibeba timazi, kile kipande cha chuma chenye ncha kinachoning'inizwa kwa uzi ili kuona kama ukuta umesimama wima. Alikifunga kwenye leso safi kuliko leso yoyote aliyowahi kupengea kamasi. Alikining'iniza popote, kwenye mlango wa choo, kwenye msalaba wa kaburi, hata kwenye mnazi wa plastiki uliowekwa pembeni ya ukumbi wa harusi. Katika harusi hiyohiyo alisimama nyuma ya bwana arusi, akashusha uzi kutoka kwenye kola ya koti, akafumba jicho moja na kutangaza, "Huyu naegemea kushoto. Bibi arusi, wewe lala kushoto, shika yeye." Watu walicheka mpaka mchungaji akajifanya anatafuta miwani.

Kwake binadamu waligawanyika mara mbili tu, walionyooka na waliotoka timazi. Toto, yaani mama yangu, maana sisi Wateso ndivyo tunavyomwita mama, alikuwa amenyooka. Baba alikuwa nusu kwa nusu. Mimi nilitoka timazi tangu utotoni, na kila nilipokuja nyumbani kutoka Busia na vumbi la marobota ya mitumba ninayouza pale mpakani, Fundi alisimama njiani, akaunyoosha uzi hewani na kunipima toka kichwani mpaka viatuni.

"Bado," alisema. "Bado napinda."

Msidhani nawachorea mtakatifu. Alikuwa mzee wa kanisa, Jumapili akisoma somo la kwanza kwa sauti ileile ya kufokea udongo, na saa nane mchana ungemkuta kwenye chungu cha ajono, ile pombe yetu ya wimbi, mrija mdomoni, akibishana na watu wawili kwa wakati mmoja. Alisema Mungu mwenyewe ni mwashi, na hakuna mwashi asiyeona kiu. Alizicheka nyumba za miti na udongo bila huruma. "Hiyo hapana nyumba," alisema. "Hiyo ni kikapu. Mtu nalala ndani ya kikapu kama kuku." Ilhali nyumba yake mwenyewe, chumba na sebule nyuma ya mashine ya kusaga, haikuwa na plasta, mlango wake ulifungwa kwa waya, na ukuta wa jikoni ulikuwa umeinama hata asiye na timazi aliuona. Mganga hajigangi. Toto hakumwacha apumue kwa hilo.

"Fundi, ile ukuta yako nainama namna hiyo, natafuta nini chini?"

"Nasali," alijibu. "Ukuta yako ndio haina dini."

Walitaniana hivyo miaka na miaka, yeye akiwa kwenye kiti cha miguu mitatu, Toto akichambua kitu, na chai ikipoa. Nadhani hapakuwa na nyumba nyingine kijijini alikokaa muda mrefu kama kwetu, na nadhani ninajua kwa nini, na sababu haikuwa chai.

Kuta zile za Toto alizijenga yeye. Zilikuwa za matofali ya kuchoma, na kati ya tofali na tofali udongo wa kichuguu badala ya saruji, kisha plasta nyembamba kwa nje ili nyumba ifanane na za mjini. Karibu nyumba zetu zote zimejengwa hivyo. Kinachozifunga zisiachane ni lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya madirisha na kuzunguka nyumba nzima. Saruji ya lenta yetu ilikuwepo, mifuko imepangwa chumbani. Ndipo watu waliotaka kuja kunichumbia wakatuma habari kwamba watafika mapema kuliko tulivyopatana, na Baba akasema hawezi kuwakanyagisha wakwe vumbi. Akamwambia Fundi saruji ile iende sakafuni, lenta itafuata baadaye.

Fundi alikataa siku nzima, na kufoka kwake siku hiyo hakukufuatwa na upole. Siku ya pili Baba alimkaribisha kwenye chungu. Jua lilipotua alikuwa amekubali, akapanga mbao juu ya madirisha mahali pa zege. Sakafu ilitoka nyekundu, laini, inang'aa. Wakwe waliisifu. Ndoa ilipasuka, sakafu haikupasuka, lakini hayo ni mambo yangu mimi. Baba akafa, na lenta haikufuata. Kila alipokuja kwetu, kabla hajaketi, Fundi aliinua macho kwenye zile mbao juu ya dirisha, akazitazama kidogo, ndipo akaomba kiti.

Alikuwa na msemo wake aliopenda kuurudia juu ya jukwaa kwa sauti ya kusikika barabarani. "Ukuta haina uongo. Mtu ndio iko na uongo." Nyumbani kwetu aliusema kwa sauti ndogo.

Sasa niwaeleze habari ya baruti, maana bila hiyo hamtaelewa kitu.

Nyuma ya kilima chetu kuna machimbo ya mawe, na mawe hayatoki kwa kubembelezwa. King'ora hulia kwanza, kisha ardhi hushtuka, kisha mshindo hufika na vikombe hucheza kabatini. Sheria ya kwetu, ambayo mtoto huijua kabla ya kujua kusali, ni moja: ikipigwa baruti, ingia ndani. Kaa chini ya bati, usije ukaangukiwa na jiwe. Wazee walisimulia juu ya jiwe lililoruka zamani likamuua mbuzi malishoni, na ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyemwona mbuzi huyo, tuliingia. Siku nyingine upepo ulikichukua king'ora ukakipeleka upande wa mjini Tororo, sisi tusikisikie, tukahisi tu ardhi ikishtuka miguuni. Siku kama hizo watoto tulikuwa na mchezo. Wa kwanza kupaza sauti "Baruti!" ndiye mshindi, na kila aliyekuwa nje, mdogo kwa mkubwa, alitakiwa kukimbilia ndani kwa neno lake. Mimi nilikuwa hodari wa mchezo huo. Ilinipa raha kumwona Toto, mwanamke mnene mwenye heshima zake, akitupa ufagio na kukimbia kwa sababu nimesema.

Neno lenyewe liliingia katika kila kitu. Sufuria ikianguka, tulisema baruti. Mume akifoka ndani ya nyumba, jirani alisema, "Baruti hiyo, itapita." Lakini tetemeko la ardhi lilikuwa kitu cha redioni, cha nchi za watu. Hatukuwa na sheria yake, na hatukujua kwamba sheria yake ni kinyume cha ile yetu.

Ilikuwa mwaka juzi, msimu wa karanga. Nilikuwa nimefunga kibanda changu Busia nikaja kumsaidia Toto kuanika. Saa tisa alasiri, Jumamosi. Karanga zimetandazwa uani juu ya turubai, Toto ameketi pembeni na ungo, mimi naanua nguo. Fundi yuko nyuma ya nyumba akipima mahali pa banda la kuku ambalo Toto alikuwa amemsumbua nalo tangu Pasaka. Ardhi ikashtuka.

Nikapaza sauti, "Toto, baruti! Ingia!"

Sikufikiri. Nilikuwa na miaka thelathini na minane na nilisema kwa furaha ileile ya mtoto anayetaka kuwahi. Toto akatupa ungo akakimbia ndani, na alikuwa anacheka. Mimi nilibaki nyuma kwa sababu nilitaka kukunja turubai, changarawe zisije zikachanganyika na karanga. Baruti haidumu, ni kama mtu kupiga chafya. Hii haikuisha. Turubai lilikuwa likitetemeka mikononi mwangu lenyewe. Fundi akatokea nyuma ya nyumba mbio, mikono juu, akipiga kelele, "Toka! Toka nje! Maama, toka!" Kati yetu sote ni yeye peke yake aliyeelewa. Ukuta wa mbele ulitoka tumbo, ukasimama hivyo kidogo kama unaofikiri, kisha ukaangukia ndani na bati likaufuata.

Tulifukua kwa mikono. Majirani walikuja, na baba yangu mdogo, ambaye boma lake liko ng'ambo ya njia, alikuja bila viatu. Fundi alirusha matofali nyuma yake bila kutazama yanaangukia wapi, matofali yaleyale aliyoyapanga mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa vikitoka damu. Tulipomfikia Toto alikuwa ameshakwenda. Alikuwa amelala kwenye sakafu nyekundu, na sakafu haikuwa na ufa hata mmoja.

Baba mdogo alisimama, akatazama uani, akauona ungo.

"Alikuwa nje," alisema. "Ungo hii hapa, iko nje. Nani alimwambia aingie?"

Alituzunguka kwa macho, mmoja mmoja.

"Nauliza. Nani alimwambia aingie ndani?"

Nikafungua mdomo. Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, mgongo wake ukinielekea. Hakugeuka kunitazama.

"Mimi," alisema. "Mimi nasema baruti."

"Wewe? Fundi mzima? Hujui baruti na hujui ardhi?"

"Nasikia king'ora."

Hapakuwa na king'ora. Jumamosi alasiri machimbo hulala, kila mtu anajua, hata mimi nilijua, kama ningefikiri. Baba mdogo alimtazama kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akimtazama mtu. Nami nikaufunga mdomo wangu. Niliufunga kwa miaka miwili.

Niseme wazi nilivyoona siku ile. Niliona uchungu wa mama, ambao kila aliyefiwa anaujua. Chini ya uchungu huo niliona nafuu. Mtu mwingine amelibeba kosa langu. Nafuu hiyo ndiyo iliyonitesa kuliko kifo chenyewe, na inanitesa sasa ninapoandika.

Makaburi yote ya kijiji kwa miaka mingi aliyajenga Fundi, hilo halikuwa na mjadala. Kwa kaburi la Toto, Baba mdogo alimwita mwashi mwingine. Fundi alisimama nje ya ua, suti yake ya kanisani imemlegea. Niliona akitoa leso, akafungua timazi, akanyoosha uzi kuelekea kaburi lile. Kisha akaifunga tena na kuirudisha mfukoni. Hakusema limepinda. Limepinda.

Tetemeko lenyewe halikuwa kubwa kwa watu wa redio. Walilitaja mara moja baada ya habari za mpira. Kwetu lilikuwa limepita kila mahali. Ukuta wa kanisa wa mashariki ulipasuka toka dirishani hadi msingini. Vyoo vya shule vilizama upande mmoja. Kwenye barabara ya Busia, upande wa Buteba, lami ilifunguka ufa wa kuingia kiganja, na kalvati likazama, malori yakapanga foleni tangu asubuhi, madereva wakijaza mawe wenyewe. Chemchemi yetu ilitoa maji mekundu wiki tatu. Mteremko wa kilima ulimomonyoka ukaifukia mihogo ya jirani yetu mmoja na kuisukuma miti ya mpaka hadi ndani ya shamba la mwenzake, na wawili hao, waliobatizwa siku moja, hawasalimiani hadi leo. Nyumba zilizosimama zilikuwa na nyufa. Kila mmoja alipakaza matope juu ya ufa wake na kusema afadhali sisi.

Na Fundi akaanza kuzunguka na penseli yake. Hakuna aliyemwita. Alipita nyumba hadi nyumba, akaomba ruhusa, akachora mistari. Kwa mara ya kwanza hakufoka. "Hii hapana lala ndani," aliwaambia watu. "Jenga kikapu hapa uani, lala kwenye kikapu." Yeye aliyezicheka nyumba za miti na udongo alikuwa ameona, kama tulivyoona sote, kwamba nyumba hizo ziliyumba zikarudi, na hakuna hata moja iliyomlalia mtu. Alisema hivyo mbele za watu. "Mimi nilicheka nyumba ambayo naokoa mtu," alisema. Mwashi akikiri jambo kama hilo anakiri maisha yake yote.

Hawakumsikiliza. Akina mama waliokuwa wakimpa chai walisimama mlangoni. Mmoja alimwambia, nikiwa karibu nasikia, "Fundi, ukiniambia toka, nitaingia. Ukiniambia ingia, nitatoka. Wewe tunakujua." Watu wakacheka. Fundi alipoondoka, yule mama alichovya kitambaa akafuta mstari wa penseli. Nilisimama pale na kikapu changu cha sokoni. Ningeweza kusema neno moja tu. Nilikwenda sokoni.

Kamati ya kanisa ilipoujenga upya ukuta wa mashariki ilimwita mwashi wa mjini. Fundi aliketi kwenye kibaraza cha duka la ng'ambo akatazama kazi siku zote tisa. Siku walipofika kwenye kona alisimama, akaenda mpaka kwenye kamba iliyozungushiwa ujenzi, akamwambia yule mwashi tofali za kona hazijashikana. Yule kijana aliuliza, "Mzee ni nani?" Mmoja wa wazee wa kanisa, mtu aliyesoma naye masomo Jumapili kwa miaka, akajibu, "Huyo ndiye aliyesema baruti." Ndilo lililokuwa jina lake kwa wakati huo. Wiki iliyofuata alifungasha mwiko wake akarudi Lumino kwa dada yake. Hakuniaga. Nyumba yake nyuma ya mashine ya kusaga bado imesimama, na ule ukuta wa jikoni bado unasali.

Miaka miwili baadaye tulifanya ibada ya kumkumbuka Toto. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno, nilisimama. Nikasema ni mimi niliyepaza sauti. Nikasema Fundi alikuwa nyuma ya nyumba, kwamba yeye alipiga kelele tutoke, kwamba alijitwika langu na mimi nikamwachia. Nilidhani dari litaanguka. Nilitaka lianguke.

Baba mdogo alikuja akanishika bega. "Mwanangu," alisema, "roho yako nzuri tunaijua. Huruma yako kwa yule mzee isikufanye ujibebeshe."

"Si huruma, Baba. Ndivyo ilivyokuwa."

"Alisema mwenyewe. Mtu hawezi kujisingizia jambo kama lile."

Wakaanzisha wimbo. Wanawake walinilia, wakanipangusa, wakaninywesha uji. Uongo wa Fundi ulikuwa umeshashika kama saruji, na saruji ikishashika huirudishi kwenye karai. Ndipo nikajua nitakwenda Lumino.

Nilimkuta ndani, maana mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha. Dada yake, mama mfupi mwenye sauti nene, alinipokea kwa "Mulembe", salamu ya kwao, na kunionyesha kiti. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, ya duara, bati jipya juu. Fundi aliketi karibu na mlango, macho yake yameingiwa na ukungu mweupe wa mtoto wa jicho. Hakuniona, ila alinisikia nikivua viatu.

"Huyo," alisema. "Bado napinda."

Nililia kabla sijaketi. Nikamwambia yote, ibada, Baba mdogo, wimbo, uji. Nilitegemea atanyamaza, au atanishukuru, sijui nilitegemea nini. Alifoka. Sikuwa nimekusikia kule kufoka kwa miaka miwili.

"Nani alikutuma? Mimi nilikutuma?"

"Hapana, Fundi."

"Neno haiui mtu! Ukuta ndio naua. Ile ukuta nani alijenga? Saruji ya lenta nani alimwaga chini? Wewe?"

"Baba ndiye aliyetaka. Kwa ajili ya wageni wangu mimi."

"Baba yako alitaka. Mimi nilikubali. Mtu anakuja kwa mwashi ili mwashi aseme hapana. Mimi nilikunywa, nikasema ndio." Alipumua. Dada yake aliweka vikombe vya chai chini, taratibu, akaketi nasi. "Kila siku nakuja kwenu, naangalia juu ya dirisha. Mama yako naleta chai. Mimi nanyamaza, nakunywa chai. Miaka yote hiyo. Sasa wewe nakuja kuniambia neno moja."

"Lakini king'ora, Fundi. Ulisema umesikia king'ora."

Aligeuza uso kuelekea mlangoni. Mvua ilikuwa ikigonga bati.

"Ukuta haina uongo," alisema mwishowe, kwa ile sauti ndogo. "Mtu ndio iko na uongo. Mimi nilikuwa na huo mmoja." Akapapasa akakipata kikombe. "Sikiliza. Fundi akifukuzwa, nakwenda kijiji ingine, najenga. Wewe wangekufukuza, ungepata wapi ukoo ingine? Ungezika mama yako ukiwa wapi? Nje ya ua, kama mimi?"

Nilimwambia watu wa kwetu wanalala ndani ya nyumba zenye nyufa, na mistari yake wameifuta. Alitikisa kichwa. Hilo ndilo lililomuuma, nililiona usoni mwake, kuliko jina alilopewa. Alitaka kujua kama ile kona mpya ya kanisa imepata ufa. Nikamwambia umetokea, wameuziba, haujulikani. Alisema basi nisikae upande wa mashariki.

Ndipo ardhi ikatikisika. Vikombe vikagongana sakafuni. Chai ikamwagika kidogo, na udongo mkavu ukadondoka kutoka ukutani begani kwangu. Dada yake alishika ukingo wa kiti. Fundi aliinua uso, akayageuza upande wangu yale macho meupe, akasubiri.

"Nini hiyo?" aliniuliza.

Lile neno la utotoni lilikuja. Lilipanda lenyewe mpaka kooni, na ulimi ukawa tayari.

"Sijui, Fundi," nikasema. "Tutoke nje."

Nikamshika mkono nikamwinua, dada yake akamshika wa pili, tukainama mlangoni tukatoka. Lilikuwa lori la mchanga tu, linatoka ziwani, limejaa kupita kiasi. Lilipita mbele yetu likipiga matope, likapungua sauti, likaisha kule kwenye kona ya soko. Ardhi ilitulia kabisa. Tuliendelea kusimama pale uani, sote watatu, mvua ikituloanisha, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema turudi ndani.